Meza ya Mama Isiyoliwa Juu Yake

Juzi mume wa mdogo wangu alinipigia simu kutoka Makiso, katikati ya mji wetu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezunguka maduka tangu asubuhi bila kupata kitu. "Yaya," aliniambia, maana mimi ni dada mkubwa wa mke wake, "Noeli inafika. Bibi yangu anashona tu ile mablanketi yake ya vipande. Nimununulie nini?" Nilimwambia nitamjibu kesho, nikakata simu, nikabaki nimekaa. Swali lile lile niliulizwa nikiwa na miaka kumi, na aliyeniuliza alikuwa papa.

Tulikaa katika mtaa wa Tshopo wakati ule, papa, mama, mimi na mdogo wangu, nyumba ya vyumba viwili, mvua ikinyesha tunasogeza mikeka. Papa alikuwa fundi wa injini za boti. Vita vilipokata mto, boti za Kinshasa ziliacha kupanda, na fundi wa injini akawa mtu wa toleka, anabeba abiria nyuma ya baiskeli kutoka asubuhi mpaka miguu inakataa. Alikuwa akirudi anakaa mlangoni bila kuvua viatu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na vita vilimpunguzia hata yale machache.

Mama alishona. Masista walimfundisha ujanani: unachukua vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani, unavikata sawa, unaviunganisha, unaweka blanketi kuukuu katikati na shuka chini, kisha unapitisha uzi juu ya vyote mpaka vinakuwa kitu kimoja kizito. Mimi ndiye niliyekwenda kuokota vipande chini ya baraza za mafundi. Vilinuka mafuta ya cherehani na vumbi la vitenge vipya. Nyumbani tulikuwa navyo gunia zima. Watu walimletea mihogo, samaki wa moshi, siku nyingine sabuni, wakaondoka na blanketi. Kwa hiyo ushonaji ule haukuwa mchezo. Lakini nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba hata asingeletewa kitu angeshona tu.

Mwezi wa nane majeshi mawili ya kigeni yalipigana katikati ya mji wetu, na baada ya hapo mama alipoteza hamu. Sindano alikuwa anaishika, anaiacha. Alikuwa akisema, "Nachoka tu," na sote tulichoka, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza zaidi.

Noeli ilipokaribia, papa alinipandisha kwenye toleka, akasema twende Makiso tukamtafutie mama zawadi. Hakuwahi kumnunulia zawadi. Tuliingia kwenye duka la vitambaa la mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki mwenye rozari shingoni. Papa alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kitu. Akashika kitenge cha bluu chenye ndege, akakirudisha. Akashika kingine.

Mwenye duka alimtazama. "Ni ya nani?"

"Ya bibi yangu. Iko anashona mablanketi ya vipande."

"Anakosa vitambaa?"

"Hapana. Viko gunia muzima."

"Uzi?"

"Uzi iko."

"Sasa papa, ukimupelekea hii, ataikata tu, ama ataiweka kwa valizi na nguo zake. Anakosa nini?"

Papa aliona aibu, nikaiona. Akanigeukia; mimi binti yake pia aliniita mama. "Mama, weye unabakiaka naye. Anakosa nini?"

Nilifikiri. Nilimwona mama amepiga magoti sakafuni, amepanga vipande vyake safu kwa safu, chekundu kando ya cha kijani, anavibadilisha, anavitazama kwa kuinamisha kichwa. Kazi ya kupanga ndiyo ngumu kuliko kushona, inaweza kuchukua siku mbili. Lakini kabla hajamaliza, saa ya kula inafika na mkeka unatakiwa. Au mvua. Au kuku wa jirani. Anakusanya vyote kwenye beseni, na kesho anaanza tena, mkono mmoja kwenye kiuno.

"Anakosa fasi," nilisema, "mahali ya kupangia."

Mfanyabiashara yule alianza kukunja vitambaa vyake. "Umesikia," alimwambia papa. "Mutoto amesema." Hakutuuzia kitu siku ile, na naamini alijua kwamba hatutarudi.

Papa hakuwa seremala. Lakini kule kwenye bandari ndogo ya mitumbwi kulikuwa na boti ya mbao iliyooza nusu, na mwenyewe, rafiki yake wa zamani, alimruhusu abomoe upande uliobaki mzima. Zilikuwa mbao za kambala, nzito, zenye harufu ya dizeli na samaki. Alizileta mbili mbili kwenye toleka. Tulificha kila kitu nyuma ya nyumba ya jirani, mwanamke wa mtoni kutoka Isangi aliyeuza samaki na kulea mjukuu wake wa mwaka mmoja. Kila jioni papa alipiga randa ya kuazima, nami nilinyoosha misumari iliyopinda kwa jiwe. Mama akiuliza tulikuwa wapi, jirani alijibu kwa niaba yetu, "Wananisaidia kutengeneza nyavu." Alisema uongo vizuri, bila kuongeza neno.

Siku ya Noeli papa hakwenda misa. Alisema tumbo linamuuma. Tuliporudi, mama mbele amevaa kikwembe chake cha kila Noeli, tulikuta meza imejaza nusu ya chumba. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, papa ameuwekea kipande cha tairi. Viti vyetu vilikuwa vimetolewa nje.

Mama alisimama. Akapitisha kiganja juu ya mbao, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nani atakula hapa?"

"Hakuna mutu atakula hapa," papa alisema. "Hata mukubwa gani akikuja. Ukipanga vipande yako, itabakia vile ulipanga. Siku tatu, siku tano."

Mama aliingia chumbani, tukasikia anaburuta gunia. Mchana ule papa ndiye aliyetwanga lituma, ndizi zimebaki na mabonge, na tulikula nje tumepakata sahani, mama yuko ndani amesimama wima, anapanga. Mboga yake ya pondu ilipoa. Nilimsikia anaimba wimbo wa misa kwa sauti ya chini, na papa akaacha kutafuna ili asikie.

Tulikuwa na meza ile miezi sita. Alimaliza mablanketi manne.

Kisha majeshi yale yale yakapigana tena, na safari hii mtaa wetu ulikuwa katikati, karibu na daraja. Siku sita hatukutoka nje. Jirani alikimbilia kwetu na mjukuu wake siku ya kwanza, kwa kuwa ukuta wake ulianguka. Tulilala chini ya meza, watu sita, mablanketi ya mama yametufunika kichwa kama vile uzi ungeweza kuzuia bomu. Umeme ulikatika, bomba likakauka. Tulikuwa na maji ya mvua tu kwenye mapipa, zile fûts, yenye masizi juu. Siku ya nne mtoto alianza kuharisha. Siku ya tano hakulia tena, na makaa ya kuchemshia maji yalikuwa yameisha.

Mama aliweka mkono kwenye paji la yule mtoto. Akatoka chini ya meza, akaondoa vipande vilivyokuwa vimepangwa juu, taratibu, safu kwa safu, akavitia kwenye beseni.

"Papa," alisema, "leta shoka."

Papa alielewa, lakini hakuinuka. "Kuko milango."

"Milango inatufunga. Leta shoka."

Jirani alianza kukataa, akisema mtoto ni wake, Mungu ataamua. Mama aliweka sufuria tayari. Papa alipasua meza akiwa amepiga magoti, kwa sababu ya risasi, na kila pigo lilimtoka kwa shida. Kambala iliwaka vizuri, moshi wake ulikuwa wa dizeli. Tulichemsha maji usiku na mchana, tukatia chumvi na sukari kidogo iliyokuwapo, na mama alimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko.

Mtoto alipona. Ni mwanamume sasa, ana mke, yuko Isangi, na sidhani kama aliwahi kuambiwa.

Baadaye, mizinga ilipotulia, papa alimwambia mama kwamba atamtengenezea nyingine. Mama alisema, "Pumuzika kwanza." Papa alipumzika, akarudi kwenye toleka, mwaka ukapita, na mwingine, kisha kifua kikamshika. Alikufa kabla boti hazijarudi mtoni kama zamani. Mama alimfuata baada ya miaka mingi. Nyumba tuliiuza.

Nikipita pale leo nakuta baa yenye muziki mkubwa na vijana wanaokunywa mapema. Ukuta ni mpya. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba hapo, katika mji uliokosa kila kitu, mtu aliyechoka alimtafutia mke wake mahali pa kusimama wima. Nami siwaambii; shemeji tu ndiye niliyemjibu jana, kwa swali la yule mama wa duka: bibi yake anakosa nini? Naangalia kidogo, kisha naendelea na njia yangu, maana jua ni kali na nyumbani ni mbali.