Nafasi ya Wawili Kando ya Jeneza

Maji ya samaki yaliniingia mdomoni nikiwa chini ya ile pikapu, na mpaka leo nikiikumbuka ile kazi lazima niteme mate. Yalidondoka mengine, yamechanganyika na grisi na magamba, yakaingia sikioni. Mwenye gari alikuwa amesimama karibu na miguu yangu akisema ameiosha mara tatu. Namwamini. Maji ya samaki hujificha kwenye mikunjo ya bati, huwezi kuyamaliza kwa ndoo.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, kwenye kiwanja changu cha kazi hapa Otonglo. Kazi yangu ni kupanga magurudumu ya mbele yatazame njia moja. Natumia uzi na tepu ya kupimia. Mashine sina, shule niliachia darasa la nane, na kuna siku nafikiri wenye mashine wakinicheka wana haki.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya zamani sana. Yule bwana aliachiwa na baba yake, naye huitumia kubeba samaki kutoka ufuoni. Alikuwa ameishusha ilale chini kama zile gari ambazo vijana hupiga picha nazo. Springi za mbele alizikata kwa grainda, za nyuma akapunguza mabamba. Ncha zilikuwa zimeungua nyeusi, moja imefungwa kwa waya wa kuku. Niliziangalia kama mtu aliyeonyeshwa kidonda bila kuomba.

Tairi za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa ndani mpaka nyaya zinaonekana. Na hapa lazima niseme yangu. Mwezi mmoja kabla, mimi ndiye nilipanga hayo magurudumu, nikamwambia iko sawa. Nilipima gari ikiwa tupu. Gari iliyoshushwa hivyo, watu wakipanda inazidi kulala, na magurudumu yanageuka yanakotaka. Nilijua hilo. Siku ile niliona uvivu tu kuita watu wapande.

"Springi umekata wewe," nilimwambia, "lakini hivi vipimo vibaya ni vyangu."

Hakugomba. Alisema ana tairi mbili nzuri nyumbani, atazileta. Kisha akaniambia kesho yake wanamtoa mama yake mochari kumpeleka nyumbani, kupita Kisian kidogo. Mama aliacha neno kwamba atarudi kwa gari ya mzee wake, ile iliyomleta akiwa bibi harusi. Kwa hivyo hakukuwa na habari ya kutafuta gari nyingine.

Nilimwambia arudi na wote watakaopanda, pamoja na magunia ya mchanga yenye uzito wa jeneza.

Walikuja watu tisa, na zile tairi mbili nikazifunga mbele. Kwetu maiti haachwi peke yake nyuma ya gari. Jamaa hukaa pande zote mbili wakiimba njia nzima. Tukalaza magunia katikati, wakapanda. Tairi za nyuma zikagusa bati.

Baba yao mdogo, mtu mnene, hakukaa kando ya magunia. Alikaa juu yake, akila mahindi ya kuchoma na kutema maganda pale pale. Dada mkubwa wa mwenye gari akamwambia, "Mzee, hapo umekalia ndipo mama atalala."

"Huu ni mchanga," akajibu akitafuna. "Mama yenu akifika nitamheshimu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikajichukia. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa ameshinda mochari tangu asubuhi bila kula, akifuata karatasi. Naandika hilo pia.

Nilianza kuwashusha mmoja mmoja, nikiwa nimelala kifudifudi naangalia nafasi kati ya tairi na bati. Walipobaki wawili, vidole vyangu viwili viliingia. Nikasema basi, ni wawili tu.

Kelele zikaanza. Baba mdogo, niliyemshusha wa mwisho, akapanda tena, yeye wa tatu, akauliza tangu lini fundi wa Otonglo anachagua watu wa kulia maiti. Labda watatu wangefika, wakienda polepole. Vidole si kipimo cha shule. Lakini nilikuwa nimeshasema iko sawa mara moja kwa gari hiyo hiyo.

"Wakikaa watatu, sifungi nati," nikasema.

Mwenye gari akamnyooshea mzee mkono. "Baba, shuka," akasema. "Utakuja na basi."

Alishuka bila kuniangalia.

Wakabaki dada mkubwa na shangazi nyuma, mwenye gari kwenye usukani. Nikavuta uzi, nikazungusha tairodi, kile chuma cha usukani kinachovuta magurudumu, nikapima mara nne. Vichwa vya magurudumu vilikuwa bado vimeinamia ndani. Nilimwambia wazi hilo siwezi kulinyoosha mpaka aweke springi nzima. Hizi tairi nazo zitaliwa, ila si kesho.

Ijumaa niliwafuata kwa bodaboda. Hakuna aliyeniita, nilishindwa kukaa. Pikapu ilikwenda moja kwa moja, bila kuvuta upande wowote, wale akina mama wawili wakiimba na sauti zao zikipotea kwenye honi za basi lililokuwa nyuma. Walipofika langoni kwa boma, ardhi ilikuwa imeinuka, tumbo la gari likakwama. Haikwenda mbele wala nyuma. Wanaume waliteremka kwenye basi, baba mdogo akitangulia, wakamtoa mama wakambeba mabegani kuingia kwake. Watu wote walimfuata wakilia.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti barabarani, napapasa tairi ya nyuma. Bati halikuigusa popote. Nilifurahi sana, tena nilitabasamu, na nilipoinua kichwa nikaona dada mkubwa amesimama langoni ananiangalia.