Friza Tuliyoiita Mkwe

Friza kubwa ya samaki pale kazini tuliiita Mkwe. Usukumani mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, humsalimia kwa mbali, na friza ile nayo haikupewa mkono. Ukitaka kuifungua unakunja kanga, unafunika nayo mpini, unavuta. Ukijisahau inakupiga shoti mpaka begani, wenzako wanacheka: "Umemgusa Mkwe!" Mgeni alifundishwa adabu za Mkwe kabla hajafundishwa kupanga minofu ya sangara. Tulikuwa wajinga, tena kwa furaha.

Asubuhi moja mwenzangu, mama mmoja wa Buswelu, alishika mpini kwa kanga iliyolowa. Sakafu yetu haikauki, tunaimwagia maji kutwa. Hata kelele hakupiga. Mkono uling'ang'ania, mwili ukatetemeka, nami nikamchapa kwa mpini wa ufagio mpaka akaachia, akaanguka.

Bosi akasema, "Hajala huyu. Njaa inaangusha watu." Akampa ruhusa hadi Jumatatu.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Kiganja kimeungua, vidole viwili havikunjiki.

"Nilikuwa nimekula, dada," akaniambia. "Uji na viazi. Sasa Jumatatu nikija, nitaifunguaje?"

Nikaaga, nikaenda kutafuta mtu anayejua umeme.

Jirani yangu wa Buzuruga ni fundi redio. Akaniazima testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, akanielekeza. Jumatatu nikaigusisha kwenye mlango wa Mkwe. Ikawaka. Nikaufuata waya hadi nyuma: ule wa ethi, unaotakiwa kuupeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa, unaning'inia. Nikazima swichi kubwa, nikasimama mbele yake.

Bosi akaja mbio. "Wewe mama, samaki wataoza!"

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Washa!"

"Siwashi. Friza ina umeme mwili mzima. Fundi aje aunge ethi kwanza."

"Mbona miaka yote hiyo hamjafa?"

"Ndiyo maana tunaongea. Aliyekufa hagombani na mtu."

"Kazi yako wanaitaka wengi, ujue."

"Waje. Nao nitawaonyesha hii," nikainua testa.

Akanisukuma pembeni, akaiwasha mwenyewe. Akasema ataifungua mbele yetu sote, tuone kwamba uoga wa wanawake hauna msingi. Wenzangu wakaweka visu chini. Mama wa Buswelu alikuwa ndio kwanza anaingia, mkono umefungwa bandeji. Bosi akaisogelea friza kifua mbele, akanyoosha mkono. Kabla hajaugusa mpini, akavuta mkono wa shati ukafunika vidole.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilishikwa na hasira. Alikuwa anajua! Sisi tulijua tukafanya mzaha. Yeye alijua, akasingizia tumbo la mwenzetu.

Nikafungua mdomo nimwambie, lakini mama wa Buswelu alishanipita. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akanyoosha mkono wake mzima, akazima swichi. Kisha akaegemea pale pale, mgongo ukiifunika.

"Ita fundi," akasema. "Mkono uliobaki sikupi."