Ramu niliyoituliza, mjomba akaiharakisha

Leo kompyuta imenizimikia katikati ya mtihani wa mtandaoni wa kazi ya kuchapa.

Ilikuwa ikijizimia ovyo. Wiki nzima, mtoto mgongoni, nilikuwa nikipunguza mwendo wa ramu, ile kumbukumbu ya kompyuta, mpaka ikatulia. Siku tatu haikuzima.

Asubuhi akaja mjomba wa mume wangu, fundi wa kompyuta hapa Gede. Nikamwamkia, akaitazama.

"Mwanangu, ramu umeifanya kobe? Hebu niirudishie mwendo wake."

Nilijua itazima. Lakini mjomba wa mume utamwambiaje asiguse? Nikamtilia chai.

Mtihani haujafika nusu, kioo cheusi. Na haurudiwi.

Mjomba akamaliza chai yake: "Kompyuta yenyewe mbovu hii."

Nimeirudishia ukobe wake. Imetulia, ndiyo ninayoandikia haya.

Nyinyi mngemwambia asiguse?