Kompyuta ya Mezani Yapanda Kibuli

Miaka ile umeme wa Kampala ulikuja na kuondoka bila kumuaga mtu, na ni katika miaka hiyohiyo mimi na rafiki yangu tulipoamua kurekodi muziki nyumbani. Hatukuwa na chumba cha kurekodia, na hatukujua kipaza sauti kinachomekwa wapi. Hayo tuliyaona madogo. Kubwa, lililotuweka mezani jioni baada ya jioni, lilikuwa kama tununue laptop au kompyuta ya mezani.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja Kampala kuuza rangi za nyumba katika ghala moja upande wa viwandani, nikapanga kwenye maghorofa ya Bugolobi, ghorofa ya nne, mahali ambapo lifti haikuwahi kufikiriwa. Rafiki yangu alikuwa dereva wa lori la ghala hilo. Yeye ni Mnubi wa Kibuli, wa wale ambao babu zao walitoka Sudani wakiwa askari wa Waingereza, wakabaki huku. Alipiga gitaa vizuri. Mimi niliimba, na naomba tuliache hapo.

Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Wengine ghalani walipokisikia walikumbuka askari wa vizuizi vya barabarani miaka ya vita, waliowaamrisha kwa lugha hiyo, wakanyamaza au wakajibu kwa Kiingereza. Sisi tulikitumia kubishana.

Shabaha yetu ilikuwa mama yake. Mama huyo aliimba kwenye harusi za Wanubi tangu ujana wake, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Rafiki yangu alitaka nyimbo zile zishikwe kabla sauti haijaisha. Nalitaja hili mapema kwa sababu sisi wenyewe, na hasa mimi, tulilisahau upesi sana.

"Tununue laptop," alisema, tukiwa tumekaa mtaa wa Kabalagala tunakula mishikaki. "Tunaibeba, tunaenda kwa mama, anaimba, tunarudi. Basi."

Hoja nyepesi namna hiyo haikuniridhisha. Nilikuwa nimeshinda kwenye mkahawa wa intaneti nikisoma maoni ya watu wasiojulikana, nao walikubaliana kwamba mtu makini hurekodi kwa kompyuta ya mezani. Ina nguvu. Ina nafasi. Unaweza kuifungua na kuiongezea vitu. Nilimweleza yote hayo kwa uhakika wa mtu aliyejifunza juzi.

"Kwani mama anaimba na bendi ya polisi?" aliniuliza. "Ni yeye na ngoma moja."

"Tunaanza na mama. Baadaye watakuja wengine."

"Wengine nani?"

"Wanamuziki."

Aliniangalia, akachukua mshikaki mwingine. Alikubali jinsi marafiki wanavyokubali, yaani alichoka.

Muuzaji wa kompyuta mjini alitusikia tukiongea Kiswahili, akauliza kwa adabu kama sisi ni watu wa usalama.

"Sisi ni watu wa muziki," rafiki yangu alimjibu.

Yule bwana alishusha pumzi, kisha akatuonea huruma. "Raptop ni ya kubeba, ssebo," aliniambia kwa lafudhi ya Kiganda, yaani bwana. "Hii ya meza ndiyo ya kufanya kazi."

Nilimgeukia rafiki yangu kama mtu aliyeletewa shahidi mahakamani. Kwamba dukani mle hamkuwa na laptop hata moja, na kwamba kompyuta za mezani zilipangwa mpaka mlangoni, halikunijia akilini.

Tukainunua, tukaipandisha kwangu ghorofa ya nne vipande vipande: kioo kikubwa kama televisheni, sanduku la chuma lenye mashine yenyewe, na betri ya akiba ya kutulinda umeme ukikatika, nzito kama mfuko wa saruji. Jumamosi yake nikaimba wimbo wangu mwenyewe, kwa ajili ya majaribio tu, mara tatu. Tulipousikiliza, kilichosikika kwanza ni feni ya lile sanduku, ikisaga kama kinu cha mahindi. Cha pili ni wale ndege wakubwa wenye upara ambao Waganda huwaita kalooli, waliokaa juu ya mti nje ya dirisha wakigonganisha midomo. Mimi nilikuwa wa tatu.

"Feni iko vizuri," rafiki yangu alisema. "Haitoki nje ya sauti kama wewe."

Tukaliingiza sanduku kabatini, katikati ya mashati yangu. Kelele zikapungua. Muda mfupi baadaye likazimika lenyewe kwa joto, na shati langu la kazini likanuka waya. Tukalitoa nje kwenye korido na kupitisha nyaya chini ya mlango. Jirani yangu, mama mmoja muuguzi, akagonga kuuliza kama nauza friji. Mashine yenye nguvu, kumbe, ilihitaji nyumba yenye nguvu, na mimi nilikuwa na sebule.

Hata hivyo nilitangaza kwamba studio iko tayari na mama aletwe. Rafiki yangu alikwenda Kibuli, akarudi na jibu.

"Anasema hapandi. Anasema nyimbo za harusi zinaimbwa nyumbani kwa watu. Kama mashine inataka kumsikia, mashine iende."

Rafiki yangu hakutaja neno laptop. Ningependa kuwaambia kwamba nilishukuru kwa hilo, lakini niliona ni ukaidi wake tu.

Lori la ghala haliruhusiwi safari za mtu binafsi, kwa hiyo tukachukua bodaboda mbili. Yeye alikumbatia kioo, gitaa mgongoni, mimi nikapakata sanduku, na betri ikafungwa kwa mpira nyuma yangu ikinisukuma mgongoni kila tulipokanyaga shimo. Mwendeshaji wangu aliniuliza kama nimefukuzwa na mwenye nyumba. Mlima wa Kibuli haukuwahi kuonekana kwangu mrefu hivyo.

Mama alikuwa amejiandaa kwa ajili yetu. Alikaa sebuleni kwake na nguo ya kuendea harusi, ubani ukifuka, kahawa ya tangawizi mezani, na jirani yake mmoja kando na ngoma. Tukaiondoa kahawa ili kompyuta ipate pa kukaa. Alitutazama tukitambaa chini ya viti kutafuta mahali pa kuchomeka.

"Mwanangu," aliniambia, "hii yote ni kwa ajili ya sauti yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sauti yangu ni kubwa kuliko nilivyojua."

Alianza kuimba. Nami, kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, nikanyamaza na kusikiliza. Sauti ile ilikwaruza kweli, ila ilikwenda ilikotaka, na ngoma ikaifuata. Alipofika ubeti wa pili umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaanza kulia, pi, pi, pi, kama inavyotakiwa. Mama aliusikiliza mlio huo kidogo, akapandisha sauti, akaendelea kuimba juu yake. Kisha betri nayo ikakata roho na kioo kikawa cheusi.

"Mmeshika?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nilikuwa sijahifadhi."

Rafiki yangu aliinamia gitaa lake akawa anakaza nyuzi ambazo zilikuwa zimekaza tayari.

Tulisubiri. Kahawa ikarudi mezani, safari hii imewekwa mbele ya kompyuta, ambayo sasa ilikuwa samani. Alasiri dada yake rafiki yangu akarudi kutoka kazini. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na katika mkoba wake mlikuwa na laptop ndogo, imepasuka pembeni, aliyokuwa akichapia mitihani.

"Hii betri yake ina moto bado," alisema. "Inaweza kuwafaa?"

Hakuna aliyenitazama, na huo ulikuwa wema mkubwa. Tulichomeka kipaza sauti. Feni yake haikusikika. Mama alingoja adhana ya msikiti wa jirani iishe, akaenda kuswali, akarudi, akaimba wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho, akapumzika, akaimba mwingine.

Tulimvalisha vifaa vya masikioni asikilize. Alikaa, mikono magotini. Halafu uso wake ukabadilika.

"Huyu si mimi," alisema polepole. "Huyu ni dada yangu."

Rafiki yangu alinieleza baadaye: mama yake mkubwa, aliyekuwa akiimba na mama harusini, alikimbilia Sudani wakati wa vita na kufia huko. Hakukuwa na picha yake wala kitu chake chochote nyumbani mle. Mama alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe kutoka nje ya mwili wake, na hakujua kwamba ilikuwa ileile. Yule mwalimu alinyoosha mkono kuzima, akidhani mama yake anaumia.

"Mwache," mama alisema. "Mwache aimbe tena."

Ilirudiwa mpaka laptop nayo ikaisha moto. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akamkosoa dada yake kwa kuchelewa kuingia kwenye kiitikio.

Kompyuta ya mezani haikurudi Bugolobi. Hakuna aliyekuwa tayari kuibeba. Tulibadilishana: mwalimu akachapia mitihani yake kwenye mashine yenye nguvu kuliko zote Kibuli, nasi tukachukua ile iliyopasuka. Jumamosi kadhaa tulikwenda kwa mama, tukarekodi alichokikumbuka, tukazitia nyimbo kwenye CD, nazo zikaanza kuzunguka kwenye harusi za Wanubi mpaka mji wa Bombo.

"Mimi nilisema laptop," rafiki yangu alikuja kuniambia siku moja, tukipakia makopo ya rangi.

"Ulisema," nilimjibu, "lakini hukueleza vizuri."

Sauti ya mama iliondoka kabisa baada ya muda. Alipoalikwa harusini alikwenda na CD, akakaa mbele kabisa, na wageni waliompongeza aliwashukuru kwa niaba ya dada yake.