Mfuko wa Plastiki Juu ya Kengele ya Moshi

Upumbavu wangu wa kwanza jioni ile ulikuwa kupanda kiti na kuuvua mfuko wa plastiki uliofunika kengele ya moshi. Nasema mapema, ili kama umekuja kusoma habari za kijana aliyejilipua na fataki, ujiondokee zako. Hakuna aliyeungua hata unyusi.

Mfuko ule tuliukuta. Tunaishi mtaa wa Al Muraqqabat, huku kwa Waarabu, kwenye fleti ambayo sebule yake imekatwakatwa kwa mbao nyembamba ikawa vyumba. Wenyewe tunaviita patisheni. Cha kwangu na mama kinaishia pale miguu yangu inapoishia. Nyuma ya ubao analala Mganda mmoja, mlinzi wa usiku, ambaye mchana anakoroma mpaka picha zetu ukutani zinatikisika. Chumba cha mbele anakaa dada wa Kikenya wa saluni. Jiko ni la wote na halina dirisha, kwa hiyo ukikaanga hata yai, kengele inalia kama imefiwa. Ndiyo ikavalishwa mfuko, ikafungwa raba. Mpangaji mpya akija anaonyeshwa choo, anaonyeshwa pa kuweka viatu, halafu anaonyeshwa mfuko: huo hauguswi.

Vyumba vya mbao haviruhusiwi, kila mtu anajua. Mama alishaniambia bila kuzunguka: "Siku tukitolewa humu, mimi nitapata kitanda kwa wanawake wenzangu. Wewe unarudi Tanga kwa shangazi yako. Chumba kingine cha sisi wawili, kwa mshahara huu, hakuna."

Basi. Jirani yetu Mhindi, tunamwita aunti, alitualika Diwali kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya jengo. Ni ile miezi ambayo joto linaanza kuona aibu na watu wanakumbuka kwamba kumbe kuna nje. Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa ametuhubiria usalama wiki nzima. Ndoo ya maji iwe karibu. Mkono unyooshwe. Kijiti cha cheche hakitiwi mfukoni. Na nyumbani, hakikisheni kengele ya moshi inafanya kazi.

"Sir," nikamuuliza, "na kama kengele imevaa kofia?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Ivue."

Nikaivua. Ningependa kusema ulikuwa utani wangu wa kawaida, ningejitetea vizuri zaidi. Haukuwa utani. Aunti alikuwa amenikabidhi wanawe, mimi, ambaye hata paka wa jengo hanikabidhi mkia wake, na nilitaka mara hii mambo yaende kama yanavyotakiwa. Nilipanga kuurudisha mfuko tukimaliza.

Mganda akaniazima koti lake la njano linalong'aa. "Usilichafue, wewe kijana. Hilo ni la kampuni, na usiku naingia zamu."

Nikashuka nalo limenifika magotini. Tukawasha moto mdogo wa maboksi ndani ya debe, nikauzungushia mchanga. Watoto nikawapanga mstari.

"Yalla, mkono mbele! Wewe, unataka kumchoma nani? Kijiti kikizima, ndani ya ndoo. Sio kwenye nywele za dada yako, ndani ya ndoo!"

"Kaka, wewe polisi?" akaniuliza yule mdogo.

"Zaidi ya polisi. Mimi nina ndoo."

Cheche zikaruka, watoto wakaandika majina yao hewani, aunti akatugawia peremende za maziwa. Kila kijiti kiliingia ndooni. Nilivikagua mwenyewe.

Ndipo jengo likaanza kulia.

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikacheka. "Jamani, safari hii sio mimi! Moto wetu huu hapa!" Ni kweli, ulikuwa pale kwenye debe, mpole kabisa. Halafu nikamwona dada wa Kikenya akitoka mlangoni na mikono myeupe kwa unga. Alikuwa juu anakaanga chapati za kutuletea.

"Nani ametoa ile juala ya kengele?" alisema. "Nauliza, ni nani ametoa juala?"

Nikaacha kucheka.

Zimamoto walifika haraka, tena wastaarabu. Walipanda, hawakukuta moto, wakakuta chapati iliyoungua na mbao zetu. Walishuka polepole. Mmoja akamuuliza natur, yule mlinzi wa jengo letu, ni watu gani wanaishi mle.

"Familia moja," nikadakia.

Akamtazama Mganda, akamtazama Mkenya, akanitazama mimi ndani ya koti. Alikaribia kutabasamu. Bora angenifokea. Picha za mbao walikuwa wameshapiga.

Natur akaongea na mwenye nyumba kwenye simu, akakata. "Khalas. Kesho fundi anabomoa. Kila mtu na mzigo wake."

Mama alinikuta hapo chini. Alikuwa anatoka mkahawani kwao, Jumeirah Lake Towers, bado amevaa aproni. Dada wa Kikenya akamweleza yote bila kupumua. Mimi nikajaribu kitu ambacho huwa hakishindwi.

"Lakini mama, angalau tumejua kengele ni nzima."

Mama akikasirika nikamchekesha, hugeuzia uso ukutani ili nisimwone. Safari hii hakugeuza uso. Alinitazama tu, kisha akapanda ngazi, nami nyuma yake.

Akavuta begi kubwa kutoka chini ya kitanda, lile nililokuja nalo. Akaanza kukunja nguo. Nilisubiri afike kwenye gauni lake hata moja. Zilikuwa zangu tu, mpaka sare ya shule, akailaza juu kabisa na kuinyoosha kwa kiganja kana kwamba Jumatatu nitaivaa.

"Mama, nilifuata walivyotufundisha," nikasema.

"Vua koti la watu ukamrudishie, mwenzio ana zamu," alisema. "Halafu njoo ulikalie begi, zipu haifungi."