Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Kompyuta ya shule yetu ilivaa vizuri kuliko walimu. Ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua mekundu, na ilivuliwa siku za wageni tu. Wageni wakishapiga picha na kuondoka, inavishwa tena. Mimi nilikuwa mgeni upande huu wa Olbalbal kwa wafugaji, nimetoka Kansay kwa wakulima wa mahindi na mbaazi, lakini hata kwetu jembe halifunikwi kitambaa.

Nilivumilia hadi kiangazi. Maji yalipokauka, familia nyingi zilihama na mifugo kwenda nyanda za juu, na darasa langu la saba likapukutika. Wa mwisho kuaga alikuwa binti mmoja mwepesi wa sayansi, mwenye maswali yasiyoisha. Baba yake alihitaji mtu wa kuchunga naye. Angerudi mtihani ukiwa mlangoni, na wote tulijua maana yake: angefeli, na akifeli angeolewa. Niliumia sana, kisha nikakasirika.

Baba huyo alikuwa na redio ndogo ya flashi, aliyoitundika shingoni akiwa malishoni. Nikawaza, kama redio inakwenda malishoni, na somo litakwenda. Nikamwomba flashi yake kabla hawajahama. Simu yangu haikuwa na pa kuichomeka, kwa hiyo nikaingia ofisini.

"Mkuu, naomba kompyuta nirekodi masomo."

"Mwalimu, ile ni mali ya umma. Ikiharibika nitajibu nini?"

"Na mtoto akiharibika, utajibu nini?"

Akageukia dirishani. Sikungoja ageuke tena. Nilikivua kile kitambaa, nikakikunja, nikavuta kiti.

Nilirekodi yote niliyoyajua kuhusu damu, mimea na umeme, kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kiiraqw ambayo wanafunzi hunitania nayo. Baba akachukua flashi yake, wakahama. Siku ya mnada wa mifugo akanirudishia.

"Mwalimu, ng'ombe wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Sauti yako. Wao wanafuata wimbo. Wewe ukianza tu, wanasimama, wanatawanyika."

Nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Kumbe kuna wimbo wa kwaya ya Kimaasai aliokuwa akiupiga kila asubuhi akitoa mifugo bomani, na ng'ombe walishauzoea. Ukilia, wanajua ni safari. Mimi niliufuta ili nipate nafasi ya mfumo wa damu.

Mwalimu mkuu aliposikia akasema, "Si nilikwambia?" Hakuwa ameniambia lolote kuhusu ng'ombe. Nikarudi kwenye kompyuta nikapanga upya: wimbo wa kuwatoa, somo wakishatulia kula majani, wimbo wa kwenda majini, somo la mchana, wimbo wa kurudi. Wenzangu wakaanza kuniita mwalimu wa ng'ombe. Nikawajibu kwamba ng'ombe wangu wana mahudhurio mazuri kuliko madarasa yao.

Kiangazi kikasonga. Asubuhi moja tulikuwa na wageni, na Mkuu alikuwa ameivisha kompyuta tena, ili aivue mbele yao wakati wa picha. Baba yule akaingia na rubega begani na fimbo yake, vumbi hadi magotini. Akasalimia wote vizuri, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, somo la umeme limekatika katikati."

"Limekatika?"

"Limekatika. Binti amegoma kutoka na ng'ombe mpaka asikie mwisho wake." Akasita kidogo. "Na mimi nataka kuusikia."

Mkuu akawatazama wageni, akanitazama mimi, akanyoosha mkono akakivuta kitambaa mwenyewe. Nilirekodi mwisho wa somo la umeme palepale, wageni wakiwa wamesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na nilikikalia mimi.

Binti alirudi, akafanya mtihani, akafaulu. Sasa yuko sekondari ya bweni Karatu, na likizo ananiletea maswali nisiyoyaweza.

Bado wapo wanaoniambia kompyuta ni mambo ya shule za mjini, huku kwetu zitaliwa na vumbi. Vumbi lipo, silikatai. Nalifuta kila asubuhi, na kitambaa ninachofutia ni kile cheupe chenye maua mekundu.