Behewa Namba 10001

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi nilimwona mtu aliyekwisha kuzikwa, mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja pombe. Nimenyamaza miaka yote hii, ila kwa mtu mmoja tu, kwa sababu ya aibu, si woga.

Miaka ya hamsini nilikuwa nikifundisha watu wazima hesabu kwenye nyumba za reli, hapa Nakuru. Walikuja wakitoka kazini, na tulimaliza mapema kwa sababu ya kafyu. Nilikuwa kijana wa suti moja na maringo mengi. Siku moja nikaandika ubaoni 10001, nikawaambia hiyo ni namba tasa: hakuna inayoigawanya bila kubaki kitu, ila moja na yenyewe. Nilikuwa nimejaribu tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikachoka. Nani angenikosoa?

Omondi. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa, na alikuwa na mazoea ya kugawanya namba za mabehewa kichwani ili siku iende. Akasimama. “Mwalimu, samahani. Hiyo inagawanyika. Kuna behewa lina namba hiyo hiyo.”

Nikamwambia arudi kwenye grisi yake. Darasa zima likacheka. Omondi akaketi, akaangalia mikono yake.

Nilipofika nyumbani nikachukua karatasi. Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Ikatoka sawasawa. Je, kesho yake nilisema? Sikusema. Na Omondi hakuja tena darasani.

Baada ya wiki tatu mkewe akanijia. “Mwalimu, mzee anaumwa kifua. Anauliza tu ile namba. Njoo umwambie.” Nikasema nitakuja Jumapili. Ijumaa akafariki.

Mwezi hivi ukapita. Ilikuwa saa kumi alasiri, niko peke yangu nafuta ubao. Kugeuka, Omondi ameketi benchi la nyuma, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Niamini, hata harufu yake niliinusa. Akauliza kwa upole, kama kawaida yake, “Mwalimu, inagawanyika?”

Sasa sikia ubaya wangu. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani wa kunicheka. Mimi nikajibu, “Haigawanyiki.”

“Sawa, Mwalimu,” akasema. Akaangalia mikono yake, na benchi likabaki tupu.

Alama za viganja vyake zilibaki pale. Mimi na wanafunzi tulizisugua kwa sabuni na majivu, zikakataa kutoka. Nimekwenda stesheni mara nyingi, nikasimama mbele ya mabehewa nikasema kwa sauti, inagawanyika, Omondi, ulikuwa sawa. Watu walidhani nimerukwa na akili. Hakurudi. Mwishowe nikaenda kwa mkewe nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua mboga. “Mimi unaniambia ya nini, Mwalimu? Mimi sijui hesabu.”

Kwa hiyo wewe, kama kuna mtu ulimwambia amekosea na unajua alikuwa sawa, mwendee leo. Usingoje Jumapili.